Chanzo Nilichoandika Kuwa Hakitumiki

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Nilikuwa nimeketi kwenye veranda ya nyumba yangu hapa Kalamba, nikifuta kutu kwenye chuma cha kupimia mchanga kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kana kwamba kuna mtu angekihitaji kesho yake. Ilikuwa wiki ya tatu tangu niache kazi. Simu ikalia. Aliyepiga alikuwa Mutheu, mkaza mwana wa Mama Mwikali, kutoka kijiji kimoja kusini mwa Mutomo, huko Kitui, ambako nilihudumu miaka mingi nikiwa afisa wa maji.

“Madamu, watu wawili wameshuka kona ya juu wakapima mto kwa hatua,” alisema. “Wanasema malori yatakuja mvua ikiisha. Tumewafukuza, lakini wana karatasi. Wanasema karatasi ni yako.”

Nilimwambia nitampigia baadaye. Sikumpigia siku hiyo. Niliingia ndani, nikachukua daftari na kuanza kuandika kurasa hizi, ambazo ninyi wenzangu mnaobaki kazini mliniomba siku ya kuagana. Mlitaka niandike yale ambayo chuo hakifundishi. Nilidhani nitaandika juu ya pampu.

Nilianzia Kibwezi, nikiwa na diploma mpya na viatu vipya. Nilikabidhiwa kwa Bwana Kimeu, fundi wa visima aliyeishia darasa la saba na ambaye wahandisi walimsubiri amalize kusema kabla ya kufungua ramani zao. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu.

“Hivyo ni vya kanisa au vya kazi?”

“Vya kazi.”

“Basi tutaona vitakufia wapi.”

Vilikufa kabla ya saa sita mchana, kwenye matope ya chemchemi iliyokuwa imebomoka ukingo. Kesho yake alinipa gambuti za marehemu ndugu yake, kubwa kuliko miguu yangu, nami nikazivaa miaka minne.

Kimeu ndiye aliyenifundisha chuma hiki ninachokifuta. Ni nondo ndefu yenye vijipengo vilivyochongwa kila baada ya nusu mita. Unakipigilia kwenye mchanga wa mto mkavu mpaka kigonge mwamba, unakichomoa polepole, kisha unasoma kilichobaki ndani ya vipengo. Punje kubwa zilizolowa ni habari njema. Udongo laini unaong’ang’ania kama uji ni habari mbaya, kwa maana maji hayawezi kupita humo. Kichomoeni kwa kukizungusha; mkikivuta kwa pupa, vipengo vitajisafisha njiani na chuma kitawaambia uongo.

Alinifundisha na jambo la pili. “Usimuulize mtu anateka maji wapi,” alisema. “Amka mapema, kaa njiani, ufuate mitungi.” Nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kwanza, kwa mwandiko wa msichana anayetaka kusifiwa.

Huko Kibwezi tulihamisha mdomo wa mfereji mmoja wa umwagiliaji, tukausogeza hatua arobaini juu, mahali ambapo mto hauli ukingo. Mzee aliyekuwa akiutunza mdomo wa zamani, Mzee Nzioka, alikubali mkutanoni na kutia sahihi mbele ya wote. Baada ya mwezi mmoja tukamkuta asubuhi pale pale pa zamani, jembe begani, amesimama mbele ya mfereji mkavu.

“Mzee, maji yako kule juu sasa,” nilimwambia.

“Najua. Nimeyaona.”

“Sasa hapa unafanya nini?”

“Nimekuja kazini.”

Baba yake alimleta pale akiwa mtoto ili amshikie mawe, na tangu hapo hakuna asubuhi aliyoianzia kwingine. Aliendelea kuja hadi miguu ilipokataa. Siku ile, tukiwa njiani, nilicheka. Kimeu hakucheka.

“Nduku, umekaa Kibwezi miezi mingapi?”

“Minane.”

“Kuna mahali hapa ambapo ukihamishwa utapakumbuka?”

Nilifikiria chumba changu cha kupanga, na duka la mkate, na dawati langu. Nikasema hapana.

“Basi usimcheke.”

Nilihamishwa mara tano, na kila mara ilinichukua saa moja kufunga mizigo. Wakubwa waliliita hilo sifa.

Mutomo ndiko nilikokaa zaidi. Kwa wale ambao hamjafika huko: mto wetu ni barabara ya mchanga. Maji hupita juu yake siku chache kwa mwaka, kwa kishindo, kisha yanazama na kujificha. Mwanamke anayehitaji maji hufukua shimo mchangani, anasubiri yajikusanye, anayachota kwa kata ya kibuyu. Mto uliopita chini ya kijiji cha Mutheu ulikuwa na kona mbili, ya chini na ya juu, na kona ya chini ndiyo iliyokuwa na mashimo ya wanawake.

Siku yangu ya kwanza kukutana nao niliwasalimu, nikajitambulisha, nikasema nimekuja kwa ajili ya manzi. Huo ndio mwanzo wa kila kitu. Sisi Wakamba wa upande wa Makueni, ng’ambo ya mto Athi, husema manzi tukimaanisha maji. Wakamba wa Kitui husema kiw’u. (Kwa vijana wa Nairobi manzi ni msichana, maana isiyohusika hapa.) Wanawake walipasuka kwa kicheko, na sauti iliyovuka zote ilikuwa ya mama mmoja mfupi wa miaka sitini hivi, aliyekuwa amezama shimoni hadi kiunoni.

“Aiya! Manzi! Huyu ametoka ng’ambo ya Athi!” alisema. “Madamu, sisi hapa hatunywi manzi, tunakunywa kiw’u. Manzi kaeni nayo huko kwenu, pamoja na maembe yenu.”

Huyo ndiye Mama Mwikali. Tangu siku hiyo nilijifunza kusema kiw’u nikiwa Kitui, na nikifika nyumbani Kalamba nilichekwa kwa kuisema.

Tulichimba kisima kirefu, tukavuta bomba, tukajenga kioski cha kuuzia maji kando ya barabara. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo lakini salama. Wanawake waliyafulia, waliyanyweshea mbuzi, waliwapa watoto wakiwa na haraka ya shule. Na kwa kuwa yalikuja na watu wa ng’ambo ya Athi, waliyapa jina: manzi. “Leta mtungi mmoja wa manzi na mmoja wa kiw’u,” mama angemwambia binti yake, na binti hakuuliza. Manzi ilitoka kioski. Kiw’u ilitoka konani. Nilikuwa nikiusimulia utani huo kwenye mikutano ya ofisi, na watu walicheka.

Nataka mwelewe jinsi mashimo yale yalivyokuwa. Kila msimu mto unaposhuka huyafunika yote. Maji yakiisha kupita, mchanga unabaki umenyooka kama shuka iliyotandikwa, usio na alama hata moja. Nilimwona Mwikali akiteremka asubuhi moja baada ya mvua, kata mkononi. Alitembea bila kuangalia chini, akaitazama ng’ambo, akapiga hatua mbili nyuma, akasimama. “Hapa,” alisema, na kuanza kufukua.

Kwa sababu nilikuwa na diploma, nilipigilia chuma changu. Kilinionyesha kuwa hatua tatu kulia kina kilikuwa kirefu zaidi na punje kubwa zaidi. Nikamwambia.

“Najua. Hapo ni pa Kalunde.”

Kalunde alikuwa jirani yake, aliyefariki miaka mingi nyuma. Mabinti wake waliolewa mbali.

“Lakini Mama, Kalunde si alikufa?”

“Nilimwosha mimi mwenyewe kabla ya kuzikwa. Nani amekuambia amehama?”

Akiendelea kufukua, alinieleza kwamba aliletwa pale na mama mkwe wake asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, akaonyeshwa pa kufukua, ubavuni mwa shimo la mama mkwe. “Nililia humu mwaka mzima,” alisema. “Ukiinamisha kichwa shimoni hakuna anayekuona. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulinishikia hapa. Habari ya kifo cha mume wangu niliipokelea hapa, mtungi ukiwa nusu. Niliujaza kwanza.” Akakung’uta mchanga mikononi. “Kule kwa baba yangu ni kwetu. Kule juu ni kwa mume wangu. Hapa ndipo kwangu.”

Niliyaandika maneno hayo daftarini kwa sababu yalinipendeza. Hayakuingia katika ripoti yoyote.

Miaka ikapita. Ikaletwa fomu mpya ya kuorodhesha vyanzo vyote vya maji: jina la chanzo, kinatumika au hakitumiki, sahihi ya afisa. Nilikuwa na vijiji kumi na viwili vya kumaliza. Nilifika kwao alasiri, baada ya kupita vingine vitatu, nimechoka kiasi kwamba ulimi wangu ulikuwa umerudi Kalamba bila kuniaga. Wanawake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha kioski wakisubiri mkutano wa kanisa. Musyoka, aliyekuwa akinibeba kwa pikipiki, hakuzima injini.

“Madamu, ona hilo wingu,” alisema. “Likitukuta hapa, korongo hatuvuki. Utalala kwa hawa.”

“Kwani sisi tunauma?” Mwikali akamjibu, na wote wakacheka.

Nikauliza, nikiwa tayari na kalamu juu ya karatasi: “Manzi mnateka wapi?”

“Manzi ni hapa kioski.”

“Kwingine hamteki?”

“Manzi kwingine itoke wapi, Madamu? Itoke ng’ambo ya Athi?” Ni Mwikali tena. Kicheko kikawa kikubwa.

Jibu lilikuwa fupi na fomu ilikuwa ndefu. Kwenye mstari wa kona ya chini na kona ya juu, uliohesabiwa kama chanzo kimoja, niliandika “Hakitumiki”. Nikatia sahihi. Tulivuka korongo kabla ya mvua.

Ningeweza kuwaambia kwamba nilidanganywa na neno. Wengine wangekubali. Lakini nililijua neno hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeusimulia utani wake. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemwona Mwikali shimoni kwa macho yangu. Kona ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye kioski. Kalamu yangu ilisita, nakumbuka ilisita. Kisha nikaandika kile kilichosemwa, kwa sababu kilichosemwa kilinitosha.

Misimu miwili baadaye ofisi iliyokuwa ikitoa vibali vya kuchota mchanga iliomba orodha ya sehemu za mito ambazo watu hawateki maji. Orodha ilitumwa bila mimi kuulizwa, na sina haki ya kulalamika, maana nilikuwa nimekwisha kuulizwa. Malori yalifanya kazi kona ya chini siku tisa. Mutheu alinipigia siku ya pili. Mimi nilifika baada ya mvua.

Mchanga ulikuwa umechotwa mpaka chini. Kilichobaki kilikuwa sakafu ya udongo mgumu wenye nyufa, na mto ulikuwa umeshuka juu yake wiki hiyo hiyo na kupita bila kuacha chochote. Sikuhitaji kupigilia chuma. Wanawake walikuwa wamesimama ukingoni. Mwikali aliteremka peke yake na kata yake. Alitembea bila kuangalia chini, kama kawaida yake, akaitazama ng’ambo. Ng’ambo yenyewe ilikuwa imekatwa ili malori yapate pa kugeuzia. Akapiga hatua mbili nyuma. Akasogea kushoto. Akarudi. Akasimama huku kata ikining’inia.

“Sijui nisimame wapi,” alisema.

Alipanda ukingo taratibu akaja mbele yangu.

“Madamu, uliandika nini?”

“Niliandika hakitumiki.”

“Nani alikuambia hakitumiki?”

“Niliwauliza manzi mnateka wapi. Mkasema kioski.”

Mutheu alielewa kwanza. Aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Mwikali alichukua muda zaidi. Kisha akajaribu kucheka, na kile kilichotoka hakikuwa kicheko.

“Aiya. Manzi,” alisema. “Basi ni mdomo wangu. Mimi na utani wangu.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Mama, mimi nilijua. Nilisema nitafuatilia. Nilimwacha mwanamke anayekaribia miaka sabini abebe kosa langu hadi nyumbani, kama anavyobeba mtungi, bila hata kumsaidia kujitwisha.

Ofisini nilifungua orodha. Kurekebisha mstari kulihitaji barua ya aliyetia sahihi, yenye maelezo ya jinsi kosa lilivyotokea. Niliianza mara mbili. Mara zote mbili nilifika kwenye neno “jinsi” nikakumbuka kazi nyingine. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka hamsini na minne, niliomba kustaafu mapema. Sababu niliyoandika ni magoti. Magoti yananiuma kweli.

Wakati huo habari zilinifikia kupitia kwa Mutheu. Wanawake walikuwa wamehamia kona ya juu, ambako malori hayakufika. Wake vijana waliizoea haraka. Mutheu mwenyewe alikuwa na shimo lake, na siku moja kwenye simu akasema “pale pangu” bila kujisikia, nami nikamsikia. Mwikali hakuwafuata. “Huko mimi ni mgeni,” alisema. Alikunywa maji ya kioski, aliyoletewa na mkaza mwana wake. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Hospitalini walimpima wasione kitu. Mama aliyewachekesha wote hakusema zaidi ya maneno kumi kwa siku.

Kwa hiyo Mutheu aliponipigia Jumanne ile, nilijua hesabu yote. Kona ya juu ilikuwa kwenye mstari ule ule, chini ya sahihi ile ile. Ikichotwa, wanawake wale hawatakuwa na kona nyingine, na Mutheu ana miaka thelathini na moja.

Nilisafiri Jumatatu iliyofuata. Nilimkuta Mwikali uani, akipepeta ndengu, ameupa mto mgongo.

“Bwana asifiwe, Mama.”

“Asifiwe. Madamu, umekonda. Huko kustaafu hawawapi chakula?” Lilikuwa neno la adabu tu, mikono yake haikusimama.

Niliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, maana nilijua nikisubiri nitaondoka.

“Mama, nimekuja kusema jambo. Kosa la kona halikuwa la mdomo wako. Mimi nililijua neno lenu. Nilijua mkisema manzi mnamaanisha ya kioski. Niliandika nikijua.”

Ungo ukasimama.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Siku ile ukingoni pia ulijua?”

“Nilijua.”

Alichambua jiwe moja kutoka kwenye ndengu, akalitazama, akalitupa.

“Mimi nimekaa mwaka mzima nikiufunga mdomo huu,” alisema. “Nikaona ndio uliouza kona. Nikaufunga kama mtoto mkorofi. Kumbe nilikuwa namwadhibu asiye na hatia.”

Nilisema naomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei asiyoitaka.

“Naona Mutheu analia jikoni akidhani simsikii,” alisema. “Mimi pangu pamekwisha. Pake bado. Wewe ndiye unayejua kuandika, Madamu. Nenda ukaandike.”

Akaendelea kupepeta. Hakunisindikiza, na mimi sikutarajia.

Barua ilinichukua wiki tatu, kwa sababu kila nilipoisoma nilikuta nimejitetea mahali fulani. Hii hapa, kama nilivyoipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Jibu bado.

*

Kwa Afisa Msimamizi wa Orodha ya Vyanzo vya Maji

KUH: KUREKEBISHA MSTARI WA KONA YA CHINI NA KONA YA JUU

Mimi niliyetia sahihi chini ya barua hii ndiye niliyejaza fomu ya kijiji husika nikiwa afisa wa eneo la Mutomo. Katika mstari uliotajwa niliandika kwamba chanzo hakitumiki. Maelezo hayo hayakuwa kweli siku nilipoyaandika, na nilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo.

Niliwauliza wanawake wa kijiji swali langu kwa neno ambalo kwao humaanisha maji ya bomba pekee. Walinijibu sawasawa. Sikuwauliza kwa neno lao, kiw’u, ingawa nililifahamu, na sikwenda mtoni, ingawa ni karibu. Hakuna mkazi aliyetoa habari za uongo. Naomba jambo hilo liwekwe kwenye faili, kwa kuwa yupo aliyejilaumu.

Kona ya juu inatumika kila siku na kaya zote za kijiji kwa maji ya kunywa. Naomba kibali chochote kinachotegemea sahihi yangu kisimamishwe kabla mvua haijaisha, na atumwe afisa mwingine akajionee mwenyewe alfajiri.

Kona ya chini hairekebishiki kwa barua. Hata hivyo naomba isifutwe kwenye orodha, wala isiachwe ilivyo. Pale nilipoandika “Hakitumiki”, naomba paandikwe “Kilitumika”, na kando yake jina langu.

Nduku
Aliyekuwa afisa wa maji